Muda wa kuchaji koili: milisekunde 6 zilivyoua koili bila kuponya misi

"Fundi, salamu. Nina injini ya silinda nne, lita 2.0, niliyoifunga tabo (ile ya kusukuma hewa kwa nguvu kwenye injini) na kompyuta ya kuprogramu. Koili ni nne, za kukaa juu ya plagi, zina waya nne kila moja, nimezitoa kwenye gari la aina nyingine. Mwanzoni niliweka muda wa kuchaji milisekunde 3, namba moja tu isiyobadilika. Asubuhi gari lilisumbua kuwaka, na nikikanyaga mafuta juu ya mizunguko 5,000 kwa dakika, presha ya tabo ikiwa bar 1, lilimisi, yaani silinda zilikuwa zinaruka bila kuwasha mafuta. Rafiki akaniambia cheche ni dhaifu, niongeze hadi 6. Misi ilipungua kidogo, lakini baada ya wiki moja koili ya silinda ya tatu imekufa, na zile nyingine baada ya safari zina moto kiasi kwamba siwezi kuziwekea mkono. Plagi ni mpya, gepu (nafasi ambayo cheche inaruka) ni milimita 1.1. Namba sahihi ni ngapi?"

Salama, ndugu yangu, na pole kwa koili. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja kwa sababu ndani yake kuna magonjwa matatu, nawe umeyapa yote dawa moja. Gari kusumbua kuwaka na koili kuungua ni mambo ya muda wa kuchaji. Misi ya kwenye presha, kwa maelezo haya uliyonipa, nina mashaka makubwa kuwa ni ya gepu la plagi. Kabla hujaendelea kusoma, fungua kompyuta yako urudishe ile 6 iwe 2.5, na usiliwashe tena gari likiwa na 6. Tukishafanya hivyo tunaweza kuzungumza bila wasiwasi wa koili nyingine kufa.

Tuanze na kinachotokea ndani ya koili, maana ukikielewa hicho utaweza kuipanga koili yoyote utakayoletewa. Koili, kifaa kinachokuza volti za betri hadi plagi itoe cheche, ina waya mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Ya kwanza ni nene na ina mizunguko michache. Ya pili ni nyembamba kama unywele na ina mizunguko karibu mara mia zaidi. Kompyuta ikiunganisha umeme kwenye ile nene, mkondo hauruki mara moja kufika juu. Unapanda taratibu, kwa sababu sumaku inayojengeka kwenye kiini inaupinga. Huko kupanda ndiko tunakoita kuchaji, na muda wake ndio muda wa kuchaji, au dweli kama wengi tunavyouita gereji. Muda ukiisha, kompyuta inakata umeme ghafla. Sumaku inaporomoka, waya nene inapata volti mia tatu au mia nne kwa kitambo kidogo sana, na waya nyembamba inapata makumi ya maelfu ya volti, ambayo yanatafuta njia kupitia plagi. Shika hili vizuri, maana tutalirudia: cheche inakuja wakati umeme unakatwa, wala si wakati unaunganishwa.

Nishati iliyohifadhiwa kwenye koili ni nusu ya induktansi yake (uwezo wa koili kuupinga mkondo usibadilike ghafla) mara mkondo kwa kipeo cha pili. Tazama hesabu hiyo uone kilichomo na kisichokuwemo. Muda haumo. Volti hazimo. Kilichomo ni mkondo. Kwa hiyo mtengenezaji anapounda koili, anaiundia mkondo fulani, tuseme amperi 7 au 8. Chini ya hapo cheche inakuwa na nishati pungufu, na juu ya hapo unaongeza joto. Milisekunde ni njia tu ya kuufikia mkondo huo, na njia hiyo hurefuka au kufupika kufuatana na volti ulizonazo wakati huo. Ni kama ndoo chini ya bomba: ujazo wa ndoo ni uleule, lakini bomba likiwa na presha ndogo utasubiri zaidi. Anayekuambia "weka 3" bila kukuuliza volti ni kama anayekuambia fungulia bomba dakika tatu bila kujua maji yanatoka kwa nguvu gani.

Nikupe mfano wenye namba. Chukua koili ya milihenri 3 yenye ukinzani wa nusu omu, inayotakiwa kufika amperi 7.5, na transista ya kukata umeme inayokula volti moja na nusu. Hii ni koili ya mfano, usiichukue kuwa ndiyo yako, ingawa koili nyingi za kisasa za kukaa juu ya plagi haziko mbali nayo. Altaneta ikitoa volti 14, koili hii inafika amperi 7.5 kwa milisekunde 2.1 hivi. Kwa volti 12 inahitaji 2.7. Kwa volti 10 inahitaji 3.5, kwa 9 inahitaji 4.2, na betri ikizama hadi 8 inahitaji 5.2. Kwa upande wa pili, kidhibiti cha altaneta kikiharibika volti zikafika 16, zinatosha 1.8 tu.

Sasa weka namba zako juu ya mfano huo. Ile 3 yako ya mwanzo, gari likiwa kwenye mwendo na volti 14, inaipeleka koili hiyo karibu amperi 10, ambayo tayari imezidi. Asubuhi, stata inavuta betri hadi volti 9, na 3 ileile inafika amperi 6 tu kasoro kidogo; zaidi ya theluthi ya nishati imepotea, tena kwa wakati ambao injini ni baridi, mafuta hayajageuka mvuke vizuri na cheche nzuri inahitajika kuliko saa nyingine yoyote. Ndiyo maana ilisumbua kuwaka. Namba moja isiyobadilika imekukosea pande zote mbili, asubuhi ndogo na mchana kubwa.

Na ile 6? Kwa volti 14, koili ya mfano inapanda hadi karibu amperi 16, mara mbili ya ilichoumbiwa. Joto kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, na hapa mkondo umekaa kwa muda mrefu zaidi pia, kwa hiyo kila unapochaji unazalisha joto zaidi ya mara kumi ya lile la kawaida. Hiyo ni kwa hesabu ya upole, inayodhani kwamba kiini cha chuma bado kinabeba sumaku. Kwa kweli kiini kina kikomo. Kikishashiba, kile kipingamizi kilichokuwa kinauchelewesha mkondo kinapotea, na mkondo unapaa bila kuongeza cheche yoyote ya maana. Ukiiacha koili hiyo imeunganishwa moja kwa moja, itavuta amperi 25. Hapo umetengeneza pasi.

Koili zako zina waya nne, maana yake transista ya kukata umeme, ambayo mafundi tunaiita ignita, imo ndani ya koili yenyewe. Kompyuta yako inatuma ishara ndogo tu na ignita ndiyo inayobeba mzigo. Baadhi ya ignita hizi zina ulinzi. Zipo zinazozuia mkondo usipite kiwango fulani, ambazo fundi huzisifu kwa kusema "hizi haziungui". Zinaungua. Ili kuzuia mkondo kwenye amperi 8, koili ya nusu omu ikitumia volti 4, zile volti 10 zilizobaki zinaishia kwenye transista. Amperi 8 mara volti 10 ni wati 80 kwenye kipande kidogo kuliko ukucha, kwa kila milisekunde unayozidisha. Sishangai silinda ya tatu ilitangulia. Silinda za katikati mara nyingi hupata hewa ya kupoza kidogo kuliko za pembeni.

Zipo nyingine ambazo ulinzi wake unanitia hofu zaidi. Hizo zikiona zimechajiwa kupita kiasi hujikata zenyewe. Kumbuka nilichokuomba ukishike: cheche huja umeme unapokatwa. Ignita ikijikata milisekunde 1 kabla ya wakati, cheche imepigwa milisekunde 1 kabla ya wakati. Kwa mizunguko 3,000 hiyo ni nyuzi 18 za mzunguko wa injini. Kwa 6,000 ni nyuzi 36. Umepanga taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa uangalifu, nyuzi 14 kabla ya pistoni kufika juu, na koili imewasha kwa nyuzi 50 huku tabo inasukuma. Pistoni haivumilii hilo mara nyingi. Nimefungua injini ambayo mwenyewe aliapa kwamba taimingi yake ilikuwa ya kiasi, na kwenye kompyuta kweli ilikuwa ya kiasi. Ukingo wa pistoni ulikuwa umevunjika kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na muda wa kuchaji ulikuwa 5.5. Kwa hiyo mtu akikuambia muda wa kuchaji hauhusiani na taimingi, mjibu kwamba hauhusiani mpaka uzidi.

Rafiki yako hakukudanganya kwa nia mbaya, na wazo lake lina mizizi ya kweli. Wengi walijifunza kwenye mfumo wa platini (swichi ndogo ya chuma iliyokata umeme wa koili), ule wa Charles Kettering ulioingia kwenye Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910 na kudumu miongo mingi. Pale muda wa kuchaji ulipimwa kwa nyuzi za mzunguko wa distributa (kifaa kilichogawa cheche kwa kila silinda), kwa sababu platini zilifungwa na kufunguliwa na kemu. Injini ikienda taratibu koili ilichajiwa muda mrefu, ikienda mbio ilinyimwa muda, na cheche ilidhoofika kwelikweli kwenye mizunguko ya juu. Kwenye mfumo ule, kuongeza nyuzi za platini kulisaidia. Kompyuta imeondoa tatizo hilo: inajua cheche inatakiwa lini, inahesabu kurudi nyuma milisekunde zinazohitajika na kuanza kuchaji hapo. Mizunguko iwe 1,000 au 7,000, koili inapata muda uleule.

Muda huo lakini lazima uwepo. Kwa mizunguko 6,000 injini inazunguka mara moja kwa milisekunde 10, na kila silinda inahitaji cheche moja kwa mizunguko miwili. Kwa kuwa una koili moja kwa kila silinda, kila koili ina milisekunde 20 kati ya cheche na cheche. Ukichaji 2.5 na cheche ikadumu kama 1.5, bado koili inapumzika milisekunde 16. Wewe huna njaa ya muda kabisa. Mwenye distributa na koili moja kwa silinda nne ana milisekunde 5 tu kwa kasi hiyo, na mwenye silinda nane ana 2.5, hao ndio wanaotakiwa kuhangaika na kikomo cha muda.

Sasa misi yako. Hapa naomba uniazime sikio, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Koili haitoi volti 30,000 kwa sababu inazo. Volti zinapanda hadi pale hewa kwenye gepu la plagi inapokubali kupitisha umeme, na zinasimama hapo. Kama gepu linahitaji 12,000, utapata 12,000, na nishati iliyobaki inaenda kuirefusha cheche. Injini ambayo tayari inawasha mchanganyiko kila mara haipati hata nguvu ya farasi mmoja kwa kuongezewa nishati ya koili. Kinachoamua volti zinazohitajika ni upana wa gepu na msongamano wa hewa iliyomo. Presha ya tabo ya bar 1 inamaanisha hewa inayoingia ni karibu maradufu ya ile ya injini isiyo na tabo, na pistoni inapoibana, hitaji la volti linapanda nalo. Gepu la 1.1 lilichaguliwa kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Wewe umeibebesha hewa maradufu ukaacha gepu lilelile.

Volti zinazohitajika zikizidi zile koili inazoweza, umeme hautulii. Utatafuta njia nyingine: kupitia mpira wa koili, juu ya kaure ya plagi, au ndani ya koili yenyewe katikati ya tabaka za waya, na huko ukishatoboa mara moja tundu halizibi tena. Chomoa plagi zako leo uzitazame kwenye mwanga wa jua. Geuza kila moja taratibu, angalia kaure nyeupe kuanzia juu hadi kwenye nati. Ukiona mstari mwembamba mweusi au wa kijivu, mfano wa alama ya penseli, usioondoka kwa kufuta na kitambaa, hiyo ndiyo njia umeme uliyopita badala ya kwenye gepu. Chungulia na ndani ya mpira wa koili, utakuta mwenzake. Plagi na mpira wenye alama hiyo usivirudishe hata kama gari linawaka navyo.

Hii pia inaeleza kwa nini 6 ilipunguza misi kidogo. Nishati iliyozidi iliinua volti ambazo koili ingeweza kufika, kwa hiyo mara nyingine cheche ilifanikiwa kuruka. Ulikuwa unalazimisha umeme kuvuka mto mpana wakati daraja fupi lilikuwepo. Punguza gepu liwe milimita 0.7. Pinda ule mguu wa nje peke yake, na usiegemeze chombo kwenye ncha ya katikati, hasa kama plagi ni za iridiamu. Ncha ile ni nyembamba na huvunjika bila kutoa sauti. Halafu, muda wa kuchaji ukiwa 2.5 kwa volti 14, rudia kukanyaga kama ulivyofanya. Misi ikiondoka, umelipata jibu bila kununua kitu. Ukiogopa kwamba gepu dogo litaharibu sailensi (injini kuunguruma taratibu bila kukanyagwa), unaweza kupanda hadi 0.8, lakini kwa presha yako sioni sababu ya kuvuka hapo.

Turudi kwenye namba. Njia bora kuliko zote ni takwimu za mtengenezaji wa koili: jedwali la volti na milisekunde. Ukijua koili zako zilitoka kwenye injini gani, mara nyingi waliotangulia kutumia koili hiyo wamelichapisha, na jedwali la gari asilia nalo ni mwongozo mzuri kwa sababu wahandisi waliipima. Tahadhari moja tu: hakikisha ni koili ileile kwa namba iliyochapwa mgongoni mwake, kwa sababu koili mbili zinazofanana umbo na soketi zinaweza kutofautiana sana kwa ndani.

Ukikosa jedwali, pima. Utahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye skrini, hata ya bei ya chini, na klampu ya kupimia amperi inayosoma mkondo wa moja kwa moja. Ile ya mafundi wa umeme wa majumbani inayosoma mkondo geu peke yake haitakuonyesha kitu. Zungushia klampu kwenye waya wa volti 12 unaoingia kwenye koili moja, injini iwe imepata moto na inaunguruma taratibu, altaneta inatoa 14. Anza na milisekunde 1. Kwenye skrini utaona mstari unaopanda kama mteremko wa paa, kisha unaanguka wima pale cheche inapopigwa. Ongeza 0.2, subiri, tazama. Paa linarefuka na kilele kinapanda. Endelea hivyo polepole. Ukifika mahali fulani, ncha ya mstari itaanza kujikunja kwenda juu kama mkia wa nge: chuma kimeshiba, na kila kinachoongezeka baada ya hapo ni joto. Kwenye koili nyingine ncha haijikunji juu, inalala kama meza. Hiyo ni ignita inazuia mkondo. Iwe mkia wa nge au meza, rudi nyuma kidogo, asilimia 10 hivi kabla ya pale mstari ulipobadilika, na usome pale mkondo ni amperi ngapi. Hiyo ndiyo namba ya koili yako, na iandike kwa amperi.

Kisha tafuta milisekunde zinazofika amperi hizohizo kwa volti nyingine. Kompyuta nyingi za kuprogramu zina sehemu ya kujaribu koili injini ikiwa imezimwa, na hapo betri peke yake inakupa volti 12 na kitu. Plagi zibaki zimefungwa kwenye injini na soketi za nozeli za mafuta zichomolewe, ili usijaze silinda petroli wala usipige cheche mahali penye mvuke wake. Usiwahi kupiga cheche koili ikiwa haina plagi. Umeme ukikosa pa kwenda utatoboa insulesheni. Kwa volti za chini zaidi unaweza kupima stata inapozunguka. Ukipata nukta tatu za kweli, zilizobaki utaziunganisha mwenyewe, ukikumbuka kwamba mstari hauendi sawasawa: kutoka 14 kushuka hadi 13 unaongeza robo ya milisekunde tu, lakini kutoka 9 kushuka hadi 8 unaongeza milisekunde nzima. Wengi hukosea hapo chini kwa kuchora mstari ulionyooka.

Na kama huna osiloskopu wala wa kukuazima? Sitakuambia haiwezekani, nitakuambia ni ya kubahatisha. Anza na milisekunde 2 kwa volti 14, 2.5 kwa volti 12, 3.3 kwa volti 10 na 4.8 kwa volti 8. Gepu likiwa 0.7, endesha kwa mzigo. Ikimisi, panda kwa hatua ya 0.2 kwenye jedwali zima, na ukivuka 3 kwa volti 14 bila kupona, simama hapo. Tatizo halipo kwenye muda wa kuchaji, na koili hizo huenda ni ndogo kwa kazi hii. Baada ya kila hatua zigusie koili kwa mgongo wa mkono, injini ikiwa imezimwa. Uvuguvugu wa injini ni wa kawaida; koili iliyo moto kuliko kifuniko cha valvu iliyokalia inakuambia umezidisha.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningekufanyisha leo hata kabla ya hayo yote, kwa sababu kikishindwa mengine hayana maana. Kompyuta za kuprogramu zina mpangilio wa ishara ya cheche, iwe ya kupanda au ya kushuka. Ukiugeuza vibaya, koili itachajiwa muda wote isipotakiwa, na cheche itapigwa pale kompyuta inapodhani ndiyo inaanza kuchaji. Gari linaweza kuwaka hivyo hivyo! Jaribu hivi: funga taimingi kwenye kompyuta iwe nyuzi 10 zisizobadilika, mulika puli kwa taa ya taimingi, kisha badilisha muda wa kuchaji kutoka 2 hadi 2.5. Alama kwenye puli haitakiwi kusogea. Ikisogea, ishara imegeuka. Dalili nyingine ni kufungulia swichi bila kuwasha: koili zinatakiwa zibaki baridi. Zikipata moto gari limesimama, zima papo hapo.

Waya nazo zitazame, kwa ufupi. Kompyuta inapima volti pale ilipo yenyewe, lakini koili inakula zile zinazoifikia. Ukipitisha umeme wa koili kwenye waya mwembamba wa zamani kupitia swichi ya ufunguo, unaweza kupoteza volti nzima njiani, na umeona volti moja inavyogharimu wakati wa stata. Vuta waya mnene kutoka betri kupitia relei na fyuzi yake. Ati (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) ya ignita ifungwe kwenye kichwa cha injini, mbali na ati ya sensa, la sivyo kishindo cha kila cheche kitaingia kwenye sensa ya mzunguko na utakuja kuniuliza kwa nini kompyuta inapoteza hesabu.

Yapo mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako kwa kufuata maandishi yangu. Gepu likiwa 0.7, muda wa kuchaji ukiwa umepimwa, na bado injini inamisi kwenye presha, mpelekee fundi mwenye osiloskopu na mashine ya kupimia nguvu, akague ishara za kila silinda zikiwa chini ya mzigo. Huwezi kuendesha na kusoma skrini kwa pamoja. Ukisikia mlio wa kugonga kama misumari inatikiswa kwenye kopo, ondoa mguu na usirudie jaribio. Ukiona alama ya taimingi inarukaruka kwenye mizunguko ya juu wakati umeifunga, usiongeze presha hadi mtu aione. Na ukiwa na ndugu au msaidizi mwenye kifaa cha moyo kifuani, asisogee kabisa karibu na injini inayofanyiwa majaribio ya koili.

Ile koili ya silinda ya tatu usiitupe bado. Pima kwa multimita kati ya waya wake wa volti 12 na ati, ikiwa imechomolewa. Ukikuta omu karibu na sifuri, ignita imekufa kwa kujifunga, na ikiwa hivyo kuna uwezekano ilirudisha umeme kwenye waya wa ishara. Kabla ya kufunga koili mpya, washa swichi na upime waya huo wa ishara upande wa kompyuta, injini ikiwa imesimama: linganisha na ishara ya silinda ya kwanza. Zikifanana, funga koili mpya. Volti zake zikikaa juu wakati za mwenzake ziko chini, tundu hilo la kompyuta (njia ya kutolea ishara) limeumia, na koili yoyote utakayoliunganishia itakufa kama ile ya kwanza. Hamishia silinda ya tatu kwenye tundu la akiba kama kompyuta yako inalo, au ipeleke ikatengenezwe kwanza.